Pini ya Msumarini

Kila asubuhi ya baridi, gari la bluu la marehemu Arvo Lahti lilipowashwa lilipiga kelele kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Kelele hiyo ilidumu kidogo tu, muda wa kupiga chafya, kisha injini ikatulia na kunguruma kama kawaida. Majirani walisema gari linakata roho. Aili, binti mkubwa wa Arvo, alisema majirani hawajui kusikiliza.

Yeye alijua kelele inatoka wapi. Nyuma ya kava ya mbele ya injini kuna cheni inayofanya vyuma vya juu vizunguke sawasawa na vya chini, na cheni hiyo huteleza juu ya kibao cha plastiki kinachoiongoza isiyumbe. Kibao kikilika, cheni hupwaya na kugonga kando. Basi. Injini haitupwi kwa sababu ya kibao, kama vile mtu hazikwi kwa sababu ya jino bovu.

Lakini Reino, mdogo wake, alikuwa ameshaanza matanga. Reino ndiye mwenyekiti wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea pale Halvari, na kila majira ya baridi kikosi huweka gari bovu, lililokwisha kutolewa injini na mafuta, juu ya barafu katikati ya ziwa. Hufungwa kwa mnyororo mrefu wa kulivutia ufukweni baadaye, na kijiji kizima hubashiri siku litakayozama. Mwaka huo gari lilikosekana. Reino akalitaja la baba yao, urithi wao wote wawili, mbele ya watu waliokuwa wakinywa kahawa baada ya ibada.

Aili alihisi damu ikimpanda usoni. Katika gari hilo kiti cha dereva kilikuwa bado kimebonyea kwa umbo la mgongo wa baba yake, naye kila alipokaa pale alihisi kama amepakatwa. Eti kiti hicho kikakae chini ya ziwa na samaki!

"Halizami," alisema.

"Limekufa, dada. Linasubiri maziko tu."

"Iliyokufa ni akili yako. Ni kibao cha cheni kimeisha. Ninaweza kukibadilisha mwenyewe."

Reino akacheka, na watu wakacheka, na kicheko cha watu kikamlevya. "Haya! Likiwaka bila kelele Jumapili ijayo kabla ya kengele ya mchana, chukueni pikapu yangu ya kusukumia theluji mkaiweke barafuni!"

Mdomo uliponza kichwa. Mama Verna Tuominen, asiyesahau kitu duniani isipokuwa umri wake, aligonga kijiko kwenye kikombe. "Nyote mmesikia? Kengele ya mchana. Ahadi ni deni, Reino."

Wiki hiyo Halvari haikuwa na habari nyingine. Kwenye duka la vyuma watu walibishana kuhusu vibao vya cheni ambavyo hawajawahi kuviona. Ndani ya sauna, mahali ambapo kwa desturi mtu hukaa na joto lake akanyamaza, wazee waligawanyika pande mbili wakanyunyiziana maji. Pikapu ya Reino ilikuwa imetoboka sakafu kwa kutu, lakini aliipenda kuliko alivyopenda kula, na mtu alipoigusa taa alikunja uso. Hata hivyo hakurudisha neno lake. Watu wa pale ni wajukuu wa Wafini waliokuja kuchimba shaba, nao maneno kwao ni kama sukari wakati wa vita, hupimwa kwa kijiko. Mmoja anaweza kukuokoa usizame, kisha asikusemeshe hadi siku ya mazishi yako.

Jumamosi asubuhi Aili aliingia gereji ya baba yake, akawasha jiko la kuni, akavaa ovaroli ya marehemu na kukunja mikono yake. Hajakaa sawa mlango ukafunguka. Reino akaingia, akapangusa theluji mabegani, akajimiminia kahawa na kukaa juu ya ndoo.

"Umekuja kupeleleza?"

"Nimekuja kuota moto."

Aliota moto, lakini kila Aili aliponyoosha mkono, spana aliyoitaka ilikuwa tayari imeshafika kiganjani. Wakafungua puli, wakafungua sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, wakafungua kava ya mbele bolti kwa bolti. Kava ilipoachia, Aili alipiga kelele ya furaha mpaka paka wa jirani akaruka kutoka dirishani. Kibao kilikuwa kimevunjika vipande vipande, cheni imelegea kama mkanda wa mlevi.

"Unaona? Unaona, mdogo wangu? Nani amekufa hapa?"

"Mh," alisema Reino. Kwa Reino, hiyo ilikuwa hotuba.

Aili aliviokota vipande vyote, akavipanga juu ya gazeti mpaka umbo la kibao kizima likarudi. Likabaki pengo moja, ukubwa wa ukucha. Hapo furaha ikamtoka. Kipande kilichopotea kikiziba njia ya mafuta, injini ingekauka na kuungua hata ikiwa na kibao kipya. Akapekua sampu kwa vidole, akapekua matambara, akalala chali chini ya gari na tochi mdomoni. Mwishowe akafungua chujio lililo kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea mafuta, na kipande hicho kikawa kimejibana humo, cheusi na chenye kiburi. Akakibandika kwenye pengo lake. Kikaingia sawasawa. Aliinua mikono juu akacheza peke yake katikati ya gereji, mwanamke wa miaka hamsini na ushee mwenye grisi hadi kwenye nyusi, na Reino akatazama ndani ya kikombe chake ili asionekane akitabasamu.

Kibao kipya kikafungwa, cheni mpya ikavishwa, alama za juu zikalingana na alama za chini. Kikabaki kikaza cheni, kile kidude chenye springi kinachoisukuma cheni isipwaye. Hicho hufungwa kikiwa kimebanwa na pini, na pini hiyo ni lazima ichomolewe kabla kava haijarudi. Ikisahaulika, cheni itapwaya, itaruka meno, na valvu zitagongana na pistoni. Injini itajiua yenyewe kabla hujamaliza kuwasha. Ndiyo maana Arvo alipigilia msumari kando ya mlango wa gereji. Kila alipochomoa pini aliitundika pale, na sheria yake ilikuwa moja: pini isipokuwa msumarini, ufunguo usiguse gari.

Pini ya kikaza kipya ilikuwa imepotea njiani, kwa hiyo Aili alichomoa kibanio kimoja cha nywele zake, akakikunja ncha na kukitumia hicho. Ndipo honi ikalia nje. Alikuwa Mama Verna, amepakata mkate mtamu wa iliki uliotoka tanurini, na kumwondoa Mama Verna mlangoni ni kazi kuliko kuondoa kava. Alitaka kujua. Alitaka kujua tena. Aili aliporudi ndani, Reino alikuwa ameshapaka gundi ya kava na ameishikilia mahali pake, anamsubiri yeye na bolti. Wakafunga pamoja, wakala mkate pamoja, wakaiacha gundi ikauke mpaka kesho yake. Aili alilala akiimba.

Jumapili hiyo mchungaji alifupisha mahubiri, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Gereji ilijaa makoti mazito na pumzi za mvuke, na waliokosa nafasi walisimama kwenye theluji nje. Gari la kikosi la kuburutia magari mabovu lilikuwa limeshageuzwa, ndoano yake ikining'inia. Jua lilikuwa linakaribia katikati ya anga.

Aili akakaa kwenye kiti cha baba yake. Akaingiza ufunguo. Kwa mazoea ya maisha yake yote, akatupa jicho mlangoni.

Msumari ulikuwa mtupu.

Akatazama sakafuni chini ya msumari: hakuna. Akajipapasa mifuko, akajipapasa nywele. Alikumbuka kuingiza kibanio. Alikumbuka honi, mkate, umbea wa Verna. Kukichomoa hakukukumbuka hata kidogo.

"Washa basi!" mtu alipiga kelele.

Aliutoa ufunguo na kushuka. "Siwashi. Nafungua tena."

Gereji nzima ikaguna kama ng'ombe mmoja. "Kengele itakukuta, Aili!" alisema Mama Verna, karibu kulia, maana yeye ndiye aliyepigia debe gari la bluu kijiji kizima.

"Inikute. Afadhali lizame likiwa zima kuliko niliue kwa mkono wangu."

Akashika spana. Hasira yake yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Bolti ya kwanza ikalegea. Ya pili ikakataa, akaitukana kwa Kifini mpaka wazee wakavua kofia. Ya pili ikalegea. Nje, mlinzi wa kanisa alionekana akikata uwanja kuelekea kwenye kamba ya kengele, naye hakuwa mtu wa kuchelewa.

Reino alikuwa amesimama karibu na jiko la kuni, mwekundu kama amekaa sauna tangu jana yake. Alikohoa. Watu wakamgeukia. Akatazama nje ya dirisha, kule pikapu yake ilikoegeshwa, imeoshwa, koleo lake la theluji limeinuliwa mbele. Aliitazama kama mtu anayeaga msafiri.

Kisha akavua kofia yake ya manyoya. Ndani ya mkunjo wa kofia alichomoa kibanio cha nywele, ncha imekunjwa, kinang'aa mafuta. Akapita katikati ya watu mpaka mlangoni, akakitundika msumarini.

Aili akaweka spana chini, akakitazama.

"Ulikichomoa lini?" aliuliza Aili.

"Jana. Ulipokuwa na Verna."

"Na mbona hukusema, mwanaharamu wee? Nimekufa mara mbili hapa!"

"Hukuniuliza."

Mama Verna aliangua kicheko, akakikata ghafla, maana alikuwa ameanza kuhesabu kichwani, na Aili naye alikuwa anahesabu. Jana Reino angeweza kukiacha kibanio ndani, injini ikajivunja yenyewe, pikapu yake ikapona. Leo angeweza kunyamaza tu, kitu ambacho ndicho kipaji chake kikubwa, na kengele ingemshindia. Mara mbili ushindi ulimwita kwa jina, na mara mbili akaupa kisogo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, lakini hawakusema mshindo wenyewe utakuwa wa kibanio cha nywele.

"Kaza bolti zako," alisema Reino. "Mlinzi anaishika kamba."

Aili alizikaza zote mbili, karibu azivunje vichwa. Akaruka kitini, akaingiza ufunguo, akausokota.

Injini ikawaka. Bila misumari, bila kopo. Ilinguruma laini tangu mzunguko wa kwanza, sauti ambayo Aili hakuwa ameisikia tangu baba yake alipokuwa akimngoja getini baada ya shule. Ndipo kengele ikalia, lakini nani aliisikia? Watu walipiga mayowe, kofia zilirushwa juu, Mama Verna alimkumbatia mchungaji kwa nguvu zisizofaa siku ya ibada. Aili alikuwa analia na kucheka na kupiga honi kwa mpigo mmoja.

Nje, Reino alifungua mlango wa pikapu yake. Akatoa chupa ya chai, glavu, na kile kiti cha kukunja cha kuvulia samaki. Akalipiga paa lake kofi dogo, akawapa vijana wa kikosi funguo. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ilikuwa utani tu. Mama Verna alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Halvari akaufunga bila kusema.

Mlango wa abiria wa gari la bluu ukafunguka. Reino akaingia na vitu vyake vyote mapajani.

"Nipeleke nyumbani," alisema. "Sina gari."

Aili alijifuta machozi, akajipaka grisi zaidi. "Funga mkanda," alimwambia, na alipotoka barabarani aligeukia upande usio wa nyumbani, ili wazunguke ziwa lote kwanza.