Majina ya Mfano Ukutani

Wacha kuangalia kando. Ulikuwa ndani ya ule ukumbi wa kanisa Kitengela siku Wacuka alipoaibishwa. Na kama hukuwa, basi ulikuwa kwenye ukumbi mwingine kama huo, ukichezea kifuniko cha soda mpaka mambo yakapita. Leo utasimuliwa.

Wacuka ana saiba ndogo, kibanda cha intaneti na uchapaji, nyuma ya maduka ya mawe. Kompyuta hakufundishwa na mtu. Alisoma maelezo, akakosea, akasoma tena. Wanachama wa ushirika wa maziwa walipochoka kuomba rekodi zao kama watu wanaoomba chumvi kwa jirani, alijitolea kuwajengea programu. Akachagua fremu huria, yaani kiunzi cha programu ambacho watu wa nchi nyingi wamekijenga na kukiacha wazi. Msingi upo, kuta zipo, mlango wa kuingilia upo; wewe unagawa vyumba.

"Ni ya bure?" aliuliza Siyad, mfanyabiashara wa mifugo, mwanachama mwenzake.

"Wacha ya bure. Ni yetu. Hakuna mtu atatufungia nje. Hata nikifa, mwingine anaifungua na kuendelea."

"Usife kwanza, abaayo, dada yangu. Ng'ombe zangu hazijaingia."

Maelezo ya kuanzia yalisema: jaribu kwanza na majina ya mfano yaliyomo, ukiona inatembea ndipo uweke yako. Akafuata. Palipoandikwa "mteja" akaandika "mwenye ng'ombe". Majina akayaacha. Kwa nini asiyaache? Maelezo yaliandikwa na watu ambao hawajawahi kupoteza shamba.

Siku ya mkutano akarusha picha ya programu ukutani kwa projekta. Mzee Lekishon, aliyetoka upande wa Kajiado akiwa na shuka lake na fimbo, akamgusa bega msichana aliyeketi mbele yake.

"Nisomee."

"Mwenye ng'ombe: Johansson. Mwenye ng'ombe: Miller. Mwenye ng'ombe..."

"Lekishon yuko wapi?"

"Hayuko, baba."

Mzee akasimama. "Shamba letu la ukoo lilienda hivi hivi. Tuliitwa, tukaonyeshwa majina ukutani, na yetu hayakuwa."

"Baba, hayo ni ya mfano tu," Wacuka akasema. "Huyo Johansson hayuko. Hakuna mtu kama huyo."

"Hata yule aliyechukua shamba langu, mama, hatujawahi kumwona."

Akatoka. Nusu ya ukumbi ikamfuata. Wacuka alijua mzee hakukosea kuogopa. Hilo ndilo lililomchoma: hofu ilikuwa ya kweli, ila ilimwangukia asiyehusika.

Wachira, mwenyekiti, hakuogopa hata kidogo. Alitabasamu. "Si niliwaambia? Kitu kimeachwa wazi, mwizi yeyote anaingia. Msichana wangu, asante, rudi kwa saiba yako uchapishe sivii za wanaotafuta kazi. Shemeji yangu Githinji ako na kampuni. Hiyo yake imefungwa vizuri."

Mikono ikainuliwa kuikubali kampuni. Siyad peke yake ndiye aliyekataa, akaambiwa aende akauze mbuzi.

Kampuni ikaja na nembo ya ng'ombe anayecheka. Siku moja mtambo wao ukakwama Wacuka akiwa ofisini kwa ushirika, na kwenye ukurasa wa hitilafu akaona jina la fremu ile ile. Ile ile! Walichukua kilichoachwa wazi kwa kila mtu, wakakipaka rangi, wakaweka kufuli, kisha wakawauzia watu waliokikataa kwa sababu hakikuwa na kufuli.

Kiangazi kikauma. Mzee Lekishon akapata mnunuzi mwingine wa maziwa huko Isinya, aliyetaka tu kuona rekodi ya ng'ombe zake. Akaenda kuiomba ofisini.

"Hizo ni za kampuni, mzee," akajibiwa na karani bila kuinua macho.

Mnunuzi hakusubiri. Mzee akapita kwa saiba, akaketi bila salamu.

"Ile yako," akasema mwishowe, "jina langu lingeingia lini?"

"Kesho yake, baba. Ningeliandika la kwako kwanza."

Mzee akachukua fimbo yake, akatoka.

Sasa sikiliza, wewe uliyeinua mkono. Jumamosi hii Wachira anaomba mkataba wa Githinji uongezwe. Safari hii fika mapema na uketi mbele. Akisema inueni mikono, wako uache chini, usimame kwa miguu. Dai rekodi za kila mwanachama zitolewe hapo hapo, mbele ya watu. Dai Wacuka apewe meza na programu ianze upya, na majina ya kwanza kuingia yawe ya walio ndani ya ukumbi. Usingoje jirani aanze. Pigia Siyad simu sasa hivi, umwambie mko wawili.