Nyumba ya Watu Wawili

Siku karani wa kuhesabu watu alipopanda Tsunguni, mwaka wa hamsini na mbili, Chirau alikuwa amekwisha kuwaficha wanawe kwenye kichaka nyuma ya muhogo. Habari ilikuwa imepanda kutoka Msambweni tangu alfajiri: kuna mtu anakuja na daftari, anauliza kila nyumba ina watu wangapi. Basi Suleiman, kifungua mimba wake, akamchukua mkewe na wadogo zake wote, na mikeka yao, na sahani zao, wakaenda kujibanza huko. Chirau aliwaambia atakayekohoa atamjua yeye ni nani.

Wadigo wa kilimani hawakuwa watu wa kuhesabu watoto. Ukiulizwa unao wangapi unajibu wapo, Mungu amewaweka, na mwenye adabu haulizi mara ya pili. Kumtajia mgeni idadi yao ni sawa na kukionyesha kifo wanapolala. Chirau aliyapokea hayo kwa babake, na babake kwa babake, na katika wakubwa wote wa serikali, wenye kofia na wasio na kofia, hakuna aliyejisumbua kupanda mlima kumweleza kwamba safari hii hesabu ni ya ardhi. Wangelimwambia, angeliwaita hata wajukuu ambao bado hawajazaliwa waje kusimama mstari.

"Na mimi?" aliuliza Mwanapili, mkewe, akiwa amesimama na ufagio mkononi.

"Wewe una nini?"

"Mimi sifichwi?"

"Nikisema naishi peke yangu, uwanja huu nani kaufagia? Ataingia kutafuta, awaone wote."

"Kwa hiyo mimi nitajwe."

"Mtu mzima hana neno," alisema Chirau.

Mwanapili alimtazama kidogo, kisha akaenda kuchochea moto. Wote kule kichakani waliyasikia maneno hayo, maana muhogo haukuwa mbali.

Karani aliitwa Abdurahman, kijana wa Gazi, kaptula ya kaki imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Nyuma yake alikuja Chifu Alfani, anajipepea kwa kofia yake. Abdurahman alitoa shikamoo vizuri, akakaa kwenye kigoda, akaramba ncha ya kalamu.

"Mzee, hapa mnaishi wangapi?"

"Mimi na mke wangu."

Abdurahman aliitazama sufuria iliyokuwa jikoni. Ilikuwa sufuria ya kupikia arusi.

"Na hiyo sufuria yote ni ya watu wawili?"

"Mume wangu mlaji," alisema Mwanapili. "Mwenzio nimechoka."

Karani alicheka, na Alfani akacheka zaidi. Alfani alimjua Suleiman na wadogo zake kwa majina na kwa sura. Lakini naye wanawe alikuwa amewapeleka Munje, pwani, kwa shangazi yao tangu jana, kwa hiyo alitazama minazi. Abdurahman akaandika: Chirau, mume. Mwanapili, mke. Watoto hakuna.

Mwaka haukuisha. Mwanapili alishikwa na homa siku ya Jumatatu na Alhamisi akazikwa, chini ya michungwa aliyoipanda mwenyewe. Chirau alimlaani karani, akailaani kalamu yake, akamlaani aliyemtuma, mpaka yule aliye Ulaya ambaye picha yake imebandikwa ofisini. Suleiman hakumlaani mtu. Alimaliza kufukia, akakung'uta mchanga mikononi, na tangu siku ile akawa anamsalimu babake kama watu wanavyosalimiana sokoni.

Baada ya miaka mitatu yakaja malori. Yalishusha watu kutoka Ukambani, wanaume na wake zao na majembe mapya na kuku kwenye matenga, watu waliokimbizwa kwao na ukame, ambao kwa kweli hawakumdhulumu mtu. Walikuwa wameambiwa wanapelekwa mahali pasipo na watu. Wapima ardhi nao wakaja na minyororo yao, wakapita katikati ya muhogo wa Chirau bila hodi, wakapigilia vigingi. Chirau alipowauliza kwa amri ya nani, mmoja akamwambia, "Mzee, daftari linasema huku ni msitu. Wewe umeingiaje msituni?"

Baraza likaitishwa. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikaa kwenye meza chini ya turubai, uso umeiva kwa jua, na Abdurahman pembeni yake, sasa ana suruali ndefu na daftari lile lile. Utaratibu ulisomwa mara moja tu. Ardhi yote imekatwa viwanja. Kiwanja hupewa familia. Wenyeji watapewa kwa kadiri ya watu walioandikwa mwaka wa hesabu, na wageni wasio na ardhi watapewa vinavyobaki. Mtu mmoja asiye na mke wala mtoto si familia. Huyo atashuka pwani akatafute jamaa zake, na baada ya Ijumaa asionekane ndani ya mipaka.

Chirau alikuja na wanawe wote. Aliwapanga mbele ya meza mmoja mmoja, na Mapenzi, mke wa Suleiman, mwenye mimba ya miezi saba, akamweka mbele kabisa. Mtu aliyekuwa hajapata kulitaja jambo lile maishani mwake akanyoosha kidole mbele ya baraza zima akahesabu kwa sauti.

"Moja, Suleiman. Mbili, Sefu. Tatu, Chiku. Nne, Kahaso. Tano mkwe wangu huyu, na sita yumo tumboni. Bwana, andika."

Abdurahman alifunua daftari, akapitisha kidole, akamnong'oneza Bwana Shauri. Bwana Shauri aliuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja kuni.

"Wewe alisema watoto hapana. Sasa toto mingi. Wewe danganya serikali?"

"Niliwaficha, bwana. Ni desturi yetu."

"Kama hawa ni watoto yako, wewe danganya. Jela miezi sita, na wao hapana andikwa, hapana pata kitu. Kama si watoto yako, wao ni wageni bila shamba. Simama ile mstari." Akaonyesha mstari wa watu wa malori. "Nani najua huyu mzee?"

Watu wote walimtazama Alfani. Alfani alisimama taratibu. Akisema anawajua, atakuwa alisimama pale mwaka ule akashuhudia uongo, na uchifu wake umekwenda, na wanawe mwenyewe watatafutwa kwenye daftari wasionekane.

"Bwana," alisema, "mimi siku ile nilimwona mzee na mkewe tu."

"Alfani," alisema Chirau. "Wewe ulikula wali wa arusi ya huyu Suleiman. Ulikaa sinia moja na mimi. Uliomba uongezewe nyama."

"Mzee wangu, nimekula wali wa arusi nyingi," alisema Alfani. "Siwezi kukumbuka kila sinia."

Watu wakacheka. Watu wa Tsunguni, ambao nusu yao mwaka ule walifukia watoto vichakani kama mbegu, walicheka, kwa sababu bado hawajaitwa wao.

Bwana Shauri alitazama saa yake, akamgeukia Suleiman. "Wewe. Huyu ni baba yako?"

Chirau alimtazama mwanawe. Hakuogopa kukanwa. Alichoogopa ni kwamba mwanawe atasema ndiyo na wote wapotee, na alikuwa akitafuta jinsi ya kumkonyeza. Lakini Suleiman hakusubiri kukonyezwa.

"Baba yangu alikufa," alisema. "Huyu simjui."

Aliyasema kwa wepesi, kama mtu aliyekwisha kuyasema peke yake mara nyingi. Kisha akawashika mikono wadogo zake, akawapeleka kwenye mstari wa wageni, nyuma ya Mkamba mmoja aliyeitwa Ndambuki, na Mapenzi akafuata. Chiku peke yake ndiye aliyegeuka nyuma, na Suleiman akamvuta.

Wakati Abdurahman anaandika, Chirau alisogea karibu na mstari, akasema chini chini kwa Kidigo, "Umefanya vyema, mwanangu. Umewaokoa wenzio. Haya mengine tutayapanga nyumbani."

"Sikufanya kwa ajili yako," alisema Suleiman bila kumtazama. "Siku ile ulituficha sisi wote, mkwe wako pia. Mama akakuuliza na yeye je, ukamtoa ahesabiwe. Nami leo nimekutoa."

"Alikufa kwa homa."

"Ndivyo unavyosema sasa. Miaka mitatu ulikuwa unasema kalamu."

Na kweli ndivyo Chirau alivyokuwa akisema.

Suleiman alipewa kiwanja chenye michungwa, na kaburi la mamake ndani yake. Ndambuki akapewa upande wa minazi. Chirau aliandikwa mtu mmoja.

Hakuondoka. Alilala kwenye kibanda cha kuwindia nguruwe ukingoni mwa shamba, na mchana akaja uwanjani kwa mwanawe, akakaa nje ya kibaraza cha nyumba, akawa anachambua mbegu za mahindi ambazo hakuna aliyemwomba azichambue. Alijiambia Suleiman ana hasira na hasira zina mwisho. Mapenzi atajifungua, mtoto atahitaji babu wa kumtemea mate ya dua. Suleiman hakumfukuza wala hakumkaribisha. Chakula kilipopakuliwa, Chiku alimletea, na Suleiman akatazama pengine.

Ijumaa ilipita, na Jumamosi saa nne asubuhi akaja Abdurahman na askari mmoja wa tarabushi, wanakagua kiwanja kwa kiwanja. Walimkuta Chirau amekaa pale pale na ungo wake.

"Shikamoo, mzee," alisema Abdurahman, kwa sababu alilelewa vizuri.

"Marahaba, mwanangu."

Abdurahman alimgeukia Suleiman aliyekuwa akinoa panga. Alikuwa anajua. Mtu yeyote mwenye macho angejua, maana pua ilikuwa moja. "Bwana Suleiman, huyu mzee ni nani wenu? Nikikuta jamaa asiyeandikwa, ninaandika kwamba mlidanganya barazani, na kiwanja kinarudi. Sina njia nyingine. Na mimi nina mkubwa wangu."

Suleiman aliendelea kunoa. Panga likapita juu ya jiwe, likarudi.

"Si mtu wetu," alisema. "Mpita njia. Ameomba maji."

"Kama ameomba maji, apewe aende," alisema askari.

Chiku aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kata imejaa maji. Alipiga magoti mbele ya mzee kama alivyozoea, akafungua kinywa, na ilionekana wazi neno lililokuwa linakuja. Chirau aliipokea kata upesi, akasema yeye kwanza:

"Ahsante, binti. Mola akulipe. Kwenu wapi, hapa hapa?"

Chiku akafunga kinywa.

Chirau hakuwa na kiu. Alichuchumaa nje ya kizingiti, akanywa maji yote, taratibu, askari akimtazama koo linavyopanda na kushuka. Alimaliza, akafuta ndevu, akairudisha kata kwa mikono miwili.

"Njia ya Munje ni ipi, wenyewe?" aliuliza.

Suleiman alionyesha kwa ncha ya panga, upande wa michungwa. Abdurahman alikuwa amekwisha kufunga daftari, anaelekea kwa Ndambuki. Askari akamtanguliza mzee mbele, na walipofika kaburini Chirau akapunguza mwendo kidogo, na askari akamgusa mgongoni kwa rungu, si kwa nguvu, akamwambia atazame njia.