Mdomo wa Genpachi

Mwanga unatoka kwenye tundu la ukuta, unapita juu ya vichwa, na vumbi la Osaka linacheza ndani yake. Kwenye kitambaa cheupe unatokea wewe, Genpachi, mvunja maghala, na farasi asiye na kishindo na panga lisilo na mlio. Picha haina sauti. Sauti ni mimi, Otsuya, msimuliaji nisimamaye kando ya kitambaa.

Ukicheka, nacheka. Ukimtukana tajiri wa mchele, namtukana kwa raha zangu mwenyewe. Genpachi, mdomo wako ni wangu.

Lakini nyuma ya ukumbi, kwenye kiti cha polisi, ameketi Inspekta Murase. Kila ukumbi una kiti hicho. Kabla ya onyesho aliniita pembeni. "Bi Otsuya, mwishoni mwizi atubu. Aseme 'nisameheni.' La sivyo, kibali chako nakichana."

Kibali hicho ndicho wali wangu. Bila hicho sina jukwaa, sina jina. Niliogopa, sikufichi.

Ila mwaka huu mchele umepanda bei hadi umekuwa wa kutazamwa tu. Na waliokaa mbele yangu ni wachukuzi wa bandarini na wasichana wa kiwanda cha nyuzi, waliokuja na njaa yao kukuona wewe.

Sasa umefungwa kamba, umepigishwa magoti. Unafungua mdomo. Ukumbi mzima unaningoja. Nikuombee msamaha kwa kosa gani? Thubutu!

"Mchele ulikuwa wao!" nikasema kwa sauti yako. "Mimi niliurudisha tu!"

"Hayo ndiyo tuliyoyangoja!" wakapaza.

"Zima!" akafoka Inspekta. Mtambo ukasimama, picha ikafa, giza likatumeza.

"Endelea, msimuliaji!" akaita Kyuzo, mchukuzi mzee. "Macho katunyima, masikio bado tunayo!"

Nikaendelea. Genpachi, mdomo wako ni wangu, na gizani hata mikono yako ni yangu. Nikaikata kamba kwa maneno. Nikakupandisha farasi, nikampa kishindo. Nikavunja ghala moja, nikavunja la pili, na kila mlango ulipoanguka wasichana walipiga miguu sakafuni.

Buti zikapanda jukwaani. Mkono ukanishika shingo, mwingine ukaingia kifuani kutafuta kibali. Najua alikichana hapo hapo, karibu na sikio langu.

Sikusikia. Ukumbi mzima ulikuwa unasimulia.