Pua ya Husseni

Bibi Sijaona aliacha kumenya muhogo, akamkaribisha mgeni aliyesimama uani kwake.

"Karibu, mama. Umetokea wapi?"

"Shikamoo, Bibi. Ni mimi, Faudhia."

Kisu kilimponyoka. Sauti ilikuwa ya mjukuu wake, aliyemlea hapa Newala tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Lakini pua ile nyembamba, iliyochongoka, hakuijua kabisa. Faudhia alikuwa na pua ya baba yake, pana, iliyokaa vizuri usoni, na Husseni huyo, mwana wa Bibi, alifariki bila kuacha hata picha. Kila alipomtamani mwanawe, Bibi alimtazama mjukuu, roho ikatulia. Sasa amtazame nani?

"Umemzika baba yako mara ya pili," alisema, akaingia ndani.

Habari za Uturuki, wanakokwenda watu kupasuliwa ili wabadili sura, alikuwa amezisikia. Huko Masasi, Faudhia alikokuwa na duka la vipodozi, wakala alipanga tiketi, hoteli na daktari, na wanawake wakaondoka kwa makundi kama waendao harusini. Zamani walinong'ona, siku hizi waliaga hadharani. Bibi alidhani mambo hayo ni ya watoto wa wenzake.

Siku zikapita, bibi na mjukuu wakila sahani moja bila kutazamana. Ndipo akafika Nikolao, Mmakua wa Lukuledi, mtani wake wa siku nyingi.

"Hodi! Nasikia hapa kuna pua mpya, nimekuja kuisalimia!"

"Nikolao, usinichokoze."

"Nikuchokoze wapi, Mmakonde? Wewe si ulichanjwa chale uso mzima, ukaringa nazo Newala yote? Nani alikuuliza uso wa baba yako umeupeleka wapi? Mjukuu wangu Flora naye anatafuta namba ya huyo wakala, na mama yake ndiye anayemhimiza!"

Mtani hanuniwi. Bibi alicheka kabla hajataka kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na Nikolao akajifanya anashughulika na muhogo aliokaribishwa mpaka alipoumaliza na kuaga.

Bibi alibaki akijipapasa mashavu. Alikuwa msichana mdogo alipochanjwa chale zile. Mama alimshika kichwa, mashangazi wakamshika miguu, wakaimba kwa nguvu ili kilio chake kisisikike. Kisha wakampaka mkaa kwenye majeraha, na mama yake hakumwachia kichwa mpaka alipolala.

"Iliuma?" alimuuliza mjukuu wake.

Faudhia, aliyekuwa akipepeta mchele, aliuweka ungo chini.

"Iliuma sana, Bibi."

"Nani alikushika kichwa?"

"Hakuna."

"Si mlikwenda kundi zima?"

"Kila mtu alilazwa chumba chake."

Bibi alinyoosha miguu mkekani, akapigapiga paja lake. Faudhia akaja, akalaza kichwa hapo, naye Bibi akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile alipofika.

"Bado panauma wapi?"

Faudhia alionyesha kwa kidole. Bibi akainama, akapapuliza.