Laini ya Fidele

Sophie alikuwa ameshaacha kuipigia namba ya kaka yake. Miezi ya mwanzo aliipiga kila alipopata nafasi, na kila mara aliambiwa kwa sauti ileile ya upole kwamba mteja hapatikani. Fidele alikuwa ameondoka Kasulu kwenda Zambia kutafuta kazi. Mara ya mwisho alipiga akiwa Tunduma, akasema kesho anavuka. Baada ya hapo kimya. Polisi waliandika maelezo, kanisani wakaomba, mwaka ukakatika.

Alichoacha nyumbani ni kompyuta yake, na mchezo wa simu walioutengeneza wawili. Sophie alichora, Fidele akaandika programu. Ulimhusu kijana anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kupandisha milima ya Makere hadi sokoni, tope likiteleza na mbuzi wakimkatiza njia. Waliuita Sukuma.

Kilichowagombanisha kilikuwa bei tu. Sophie alitaka uwe wa bure, wapate chochote kitokanacho na matangazo. Huku nani ana kadi ya benki ya kununulia mchezo? Fidele akamweleza kwamba duka la programu lina sharti lake: mchezo ukishauweka bure, huwezi tena kuurudisha kwenye kulipiwa.

"Ukishaingia kwenye bure hutoki," alisema. "Tuanze na bei. Kushuka tutashuka wakati wowote."

Akaweka shilingi elfu moja. Walionunua walikuwa wachache, tena watu wa mbali wasiojulikana. Vijana wa Kasulu walirushiana faili simu kwa simu, wakausifu sana, wala hawakuona kwamba wamemnyima mtu kitu. Msimu uleule Fidele akaanza kuzungumza habari za Zambia.

Sasa, mwaka huu, Sophie akapigiwa na mwanamke aitwaye Immakulata, wa kampuni moja ya Dar es Salaam inayochapisha michezo ya watengenezaji wadogo. Alikuwa ameuona Sukuma na kuupenda. Alieleza mpango wao bila kuzunguka: mchezo uwe wa bure, wachezaji wanunue vitu vidogo ndani yake, koti la mvua au tairi jipya, walipe kwa salio la simu. Kampuni ingeutangaza kwa gharama zake, na mapato wagawane nusu kwa nusu. Ila ilikuwa lazima mchezo uhamishwe kutoka akaunti ya Fidele, tena kabla ya mwisho wa mwezi.

Neno la siri Sophie alilijua. Lakini akaunti ilikuwa haijafunguliwa siku nyingi, hivyo ikadai namba za uthibitisho, na namba hizo zikatumwa kwenye laini ya Fidele. Alikaa akiikodolea macho kompyuta. Kisha, kwa mazoea tu, akapiga.

Ikaita.

Mama yake, Esteri, alikuwa mlangoni akichambua maharage. Aliiona sura ya binti yake, akasimama, na ungo ukapinduka.

Aliyepokea alikuwa mzee. Alisema anaitwa Kipriani, yuko Gwarama, na laini ni yake, aliinunua Kakonko kwa kijana anayesajili laini chini ya mwavuli. Fidele hamjui. Sophie akaelewa kwamba laini ilikuwa imekaa kimya mno hata mtandao ukampa mtu mwingine. Akamwomba mzee amsomee ujumbe ulioingia muda huo.

"Binti," mzee alisema taratibu, "redioni wanatuonya kila siku. Namba hizo tusimpe mtu."

Sophie alimshukuru akakata simu, maana mzee alikuwa sahihi.

Mama alipoelezwa, alichosikia ni kwamba laini inaita. Sophie alirudia kwamba imeuzwa upya, kwamba yule mzee hana habari yoyote. Mama alikuwa ameshaingia ndani kutafuta kitenge cha safari. Labda aliyemwuzia anamjua Fidele, alisema. Labda kuna mtu alipiga. Labda.

Kesho yake walipanda basi alfajiri. Baada ya Kibondo, kwenye njia ya kuingilia Mtendeli, mama aligeuka akatazama hadi njia ikapotea. Dada yake aliishi pale kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi mpaka ilipofungwa, na siku hizi habari zake huwafikia kwa salamu tu.

Kipriani aliwapokea uani, katikati ya muhogo ulioanikwa, akawatolea vigoda. Kabla hawajaomba lolote aliingiza mkono mfukoni, akatoa simu ya kitochi na kuiweka kiganjani mwa mama. Mama aliigeuzageuza. Akauliza kwa Kirundi, ambacho mzee, msemaji wa Kiha, hakupata shida kukielewa, kama kuna mtu aliyewahi kupiga akimtafuta Fidele.

"Ego, ndiyo," alisema Kipriani. "Wachache mwanzoni. Niliwaambia simjui." Akafikiri. "Mmoja aliongea lugha nisiyoijua. Nilisikia jina tu. Fidele, Fidele. Sikuelewa, mama, nikakata."

"Lini?"

"Wakati wa kupanda maharage."

Sophie aliichukua simu akatafuta. Simu ile ilitunza namba chache za mwisho, na zote zilikuwa za jirani, mnunuzi wa muhogo, na yeye mwenyewe Sophie. Mzee alishika kichwa. Alisema hakujua, angejua angemwita mtu wa kusikiliza. Mama akamwambia hana kosa, kisha akainama akaanza kugeuza vipande vya muhogo kwenye turubai, kimoja kimoja, kama vyake.

Namba za uthibitisho zilipotumwa upya, Kipriani alizisoma mwenyewe, bila kuombwa tena. Akaunti ikafunguka kwenye simu ya Sophie, na Sukuma ulikuwemo, na bei yake ileile. Alipobonyeza kuhamisha, duka likamtaka mwenye akaunti aoneshe kitambulisho, kisha auweke uso wake mbele ya kamera.

Akampigia Immakulata. Immakulata alisikitika kweli. Sophie akauliza kama yeye anaweza kuutoa mchezo upya kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa kompyuta yenye programu anayo. Immakulata akasema wakili wao hatakubali bila saini ya aliyeandika programu. Kisha akaongeza:

"Labda kama kuna cheti cha kifo, dada. Familia inaweza kurithi."

Sophie alimtazama mama yake aliyeinama juu ya muhogo.

"Hatuna," alisema. "Kaka yangu yuko Zambia."

Akiwa bado ndani ya akaunti, alifungua sehemu ya bei. Neno Bure lilikuwa pale, la kubonyeza mara moja tu. Alilitazama mpaka kioo kikazima chenyewe.

Mwezi uliisha, na Immakulata akaandika kwamba nafasi amepewa mwingine. Sukuma umebaki dukani kwa shilingi elfu moja, na Kasulu bado wanarushiana. Mama naye sasa ana kawaida mpya. Jumapili akitoka kanisani humwomba Sophie simu, akampigia Kipriani. Humjulia hali, humwuliza habari za mkewe na za muhogo, halafu humwuliza kama kuna mtu amepiga. Mzee humjibu kwamba bado. Hapo Sophie hutoka nje, na mama huendelea kuongea mpaka salio likate.