Sukari Imepanda

Binti alikuwa muuguzi, na kila jioni kabla ya chakula alimpima mama yake sukari pale mezani: pamba, kisindano, tone la damu kwenye ncha ya kijiti cha kupimia. Kwenye kijiti mna kimeng'enya kinachokula sukari na kuacha umeme kiduchu, nacho kimashine huusoma na kuandika namba. Mtaa ulikuwa gizani tangu transfoma ilipoungua. Jioni moja kimashine hakikuandika kitu. Badala yake taa ya mezani iliwaka, ikafuata ya jirani, mara mtaa mzima ukawa mweupe pe.

"Sukari imepanda," alisema mama.

Binti alisahau kumfuta kidole. Alikuwa amepima damu za watu wengi, lakini hakujua kuwa ndani ya tone moja mnaweza kukaa mchana mzima. Aliitazama ile mikono iliyomsuka nywele utotoni, machozi yakamlengalenga.

Watu walizoea upesi. Fundi cherehani alirudi kazini, kinyozi akachomeka mashine yake. Sukari ikishuka taa huzima, kwa hiyo jirani mmoja alileta soda, mwingine keki. Zamani waliuliza, "Sukari imepanda?" wakampa mama pole, sasa waliuliza vilevile, mkono ukiwa kwenye swichi. Fundi wa shirika la umeme alikuja na ngazi, akatazama juu. "Mbona umeme mnao?" alisema, akaondoka na ngazi yake.

Macho ya mama yakaanza kufifia. Kila akitoa tone aliuliza, "Imewaka?"

"Imewaka, mama. Huioni?"

"Naona ukungu tu. Lakini cherehani naisikia."

Binti aliogopa. Siku iliyofuata, bila kumwambia mtu, alificha keki na kumdunga mama dozi yake kamili ya insulini. Taa zikafifia polepole, cherehani ikanyamaza. Sauti ya adabu ikaja dirishani.

"Samahani dada, mbona mnatuzimia? Bado tunakula."

Mama alipapasa meza mpaka akaipata soda, akainywa yote, akanyoosha kidole.

"Mama, macho yako."

"Watu wanakula, mwanangu."

Binti alimchoma kidole. Mtaa ukang'aa kuliko siku zote, hata majani ya mti wa ng'ambo yakaonekana moja moja. Mama alikaa katikati ya mwanga huo, akageuza uso upande usio na mtu.

"Imewaka?" aliuliza.