Daraja Huvukwa Miguu Juu

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kuona reli.

Mwalimu Nukta hakuwa mwongo kwa tabia. Alikuwa kijana mwembamba wa mashati ya mikono mirefu, aliyewafundisha watu wazima Kiingereza kila alasiri, katika darasa ambalo asubuhi lilikuwa la watoto wa miaka saba. Jina la Nukta alipewa na wanafunzi wake, kwa sababu hakumruhusu mtu kukaa kabla hajatia nukta mwishoni mwa sentensi, hata kama sentensi yenyewe haikueleweka na yeyote aliyekuwepo. Madawati yalikuwa ya kitoto. Muuza nyama alikaa upande mmoja tu wa makalio, na kinyozi, mrefu kama mlingoti, aliweka magoti juu ya meza na kitabu juu ya magoti.

Somo la wiki hiyo lilikuwa kisa cha ukurasa mmoja. Mtoto anasafiri kwa treni kwa mara ya kwanza, safari ya kutwa nzima, kwenda kwa shangazi yake. Treni inakuja. Mtoto anapanda na kukaa dirishani. Ng'ombe wako malishoni. Ni safari ndefu. Treni inavuka mto juu ya daraja. Mtoto analala, anaamka, shangazi yuko stesheni. Mwalimu alikadiria kwamba wangekimaliza siku hiyo hiyo na muda ungebaki. Alikadiria hivyo kwa sababu alikuwa amemsahau Mama Pindo.

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, mama mtu mzima ambaye hakukosa sindano mbili tatu zimechomekwa kifuani, na alikaa dawati la mbele kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka. Alisoma sentensi ya kwanza, akasoma ya pili, kisha akafunga kitabu na kuacha kidole ndani.

"Mwalimu, huyu mtoto amepanda tu?"

"Amepanda, ndiyo."

"Hajamsalimu dereva?"

"Haijaandikwa hapa, Mama."

"Ndiyo maana nauliza. Mtu unaingia kwenye chombo cha mwenzio, akubebe kutwa nzima, hata hujambo hamna? Wazazi wake wako wapi huyu?"

Darasa likaanza kuwajadili wazazi. Mwalimu akagonga ubao kwa chaki, na hapo ndipo kinyozi alipotoa sauti kutoka nyuma, kwa upole kabisa, kama anayeuliza saa.

"Kwani wewe mwenyewe, Mwalimu, umeshawahi kupanda treni?"

Sasa ukweli ni kwamba Mwalimu Nukta hakuwa amepanda treni hata siku moja. Alikuwa ameziona zikipita nyuma ya maghala, na alipokuwa mdogo aliwahi kuipungia moja mkono. Angeweza kusema hivyo na maisha yakaendelea. Lakini mwalimu akishakiri jambo mbele ya kinyozi, kila kichwa kitakachonyolewa mtaani kitaondoka na habari hiyo.

"Mara nyingi tu," akasema.

"Basi tuambie wewe," akasema Mama Pindo. "Dereva anasalimiwa, hasalimiwi?"

"Anasalimiwa. Msafiri anayejiheshimu huenda kwanza mbele kwenye injini, akamwamkia dereva. Halafu ndiyo anatafuta behewa lake."

"Nilijua," akasema Mama Pindo, akafungua kitabu.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Mwalimu Nukta aliyaoga wiki nzima, mpaka nyuma ya masikio. Siku ya pili aliombwa achore. Akachora treni ndefu kutoka ukingo mmoja wa ubao hadi mwingine, na mabehewa, na madirisha, na mbele kabisa dereva ameshika usukani mkubwa wa duara. Kinyozi akauliza treni ikipiga honi abiria hufanya nini. Mwalimu akasema husimama.

"Wote?"

"Wote. Ni adabu. Kama ninyi ninapoingia darasani."

Hilo halikuwa na pingamizi, isipokuwa muuza nyama alikumbusha kwamba yeye hasimami mwalimu anapoingia, kwa sababu dawati humng'ang'ania.

Siku ya tatu ndipo walipofika darajani. Muuza nyama, mtu wa mizani, aliweka kitabu chini akakunja mikono.

"Mimi hapa ndipo siamini. Chuma, watu, mizigo, yote hayo juu ya mto. Uzito huo unabebwaje?"

Mwalimu alitazama dari. Dari haikuwa na jibu, ila mjusi.

"Abiria huinua miguu," akasema.

Mama Pindo aliinua uso polepole. "Yote miwili?"

"Yote miwili, Mama. Mpaka daraja liishe. Uzito unapungua."

Muuza nyama akasema ina maana, na ndiyo sababu yeye huwakataza wateja kuegemea meza wakati anapima. Basi likawa limepita. Tangu hapo, kila sentensi ya daraja iliposomwa, darasa zima liliinua miguu na kuishusha kwenye nukta. Mkuu wa shule alipita dirishani, akasimama, akawatazama watu wazima wale wakining'iniza viatu hewani na kusoma kwa sauti moja, kisha akaenda zake.

Mwalimu alijifariji kwamba ametia chumvi tu. Hakuna aliyekuwa na safari, na wote sasa walisoma kisa kile bila kukwama, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu aanze kazi.

Ijumaa Mama Pindo alisoma ukurasa mzima peke yake. Hakujikwaa hata mara moja. Alitia nukta ya mwisho, lakini hakukaa.

"Kesho napanda," akasema.

"Unapanda nini, Mama?"

"Treni. Binti yangu kajifungua, mjukuu wangu wa kwanza. Mkwe mwenzangu, mama wa mume wake, yuko hapa kwa ndugu zake, na kesho asubuhi tunakwenda pamoja. Nyumbani kwao ni Kiingereza toka wanaamka." Alishika ukingo wa dawati. "Binti yangu alipoolewa walisema katoka kwa fundi, hajui hili wala lile. Sitaki kesho waseme kumbe mama ndiyo zaidi. Ndiyo maana nilikuja kusoma, Mwalimu. Na Mungu si Athumani, somo lenyewe likawa la treni."

Mwalimu Nukta alimwona akilini mama wa watu mbele ya yule mkwe, miguu juu, na behewa zima likicheka.

"Mama, kuna jambo moja..."

"Usiwe na wasiwasi, Mama Pindo," kinyozi akamkatiza, "umefundishwa na mzoefu." Darasa likapiga makofi, na lile jambo moja likarudi lilikotoka.

Asubuhi Mwalimu alikata shauri. Liwalo na liwe, atamwambia kabla treni haijaondoka. Alikimbia mpaka stesheni, vifungo vya shati vimepishana, akapita mlangoni akitweta, na akakuta uongo wa kwanza umeshamtangulia.

Mama Pindo alikuwa mbele kabisa, chini ya dirisha la injini, amekunja mikono kwa heshima. Dereva, mzee mwenye kofia iliyolowa mafuta, alikuwa ametoa kichwa na kifua nje. Walikuwa wameshamaliza habari za nyumbani, za usingizi na za watoto, na sasa walikuwa kwenye habari za injini.

"Miaka yote hii," dereva alikuwa akisema, "watu wananipita kama nguzo."

Pembeni alisimama mama mmoja wa miwani yenye mnyororo na sanduku la magurudumu. Huyo ndiye mkwe. Alimtazama Mama Pindo, akamtazama dereva, akakohoa kidogo, kisha naye akaamkia.

"Mama Pindo," Mwalimu akasema, "nina neno."

"Mwalimu." Macho ya Mama Pindo yalilengwa na machozi. "Umekuja kuniaga."

Kabla Mwalimu hajafungua kinywa, alijikuta amebebeshwa kichwa cha cherehani, chuma kitupu, kimefungwa kwenye shuka. Nguo za mjukuu, akaambiwa, hazitashonwa na mtu mwingine. Akamfuata ndani ya behewa akiwa amekikumbatia, akiongea nyuma ya shuka.

"Mama, yale niliyosema darasani kuhusu..."

"Weka hapo juu. Hapana, kitamwangukia mtu. Weka chini ya kiti."

Mwalimu akapiga magoti, akasukuma chuma chini ya kiti. Honi ikalia.

Mama Pindo akasimama wima. Mkwe alitazama huku na huku, akaona hawezi kuzidiwa na fundi cherehani, akasimama pia. Abiria wa upande wa pili, walipowaona mama wawili wa heshima wamesimama, wakadhani kuna jambo, wakasimama. Nyuma yao wakasimama wengine. Mwalimu alipotoka chini ya kiti alikuta njia yote imejaa watu, bega kwa bega, wametulia kama wanaosikiliza tangazo.

"Samahani, naomba kupita," akasema. "Mimi sisafiri."

"Ndugu, vumilia," akakemea bwana mmoja mnene, ambaye adabu hiyo alikuwa ameijua muda huo huo. "Husikii honi imelia?"

Walipoketi, ukuta wa stesheni ulikuwa tayari unarudi nyuma dirishani.

Mwalimu alikaa mkabala na Mama Pindo, akashika kiti kwa mikono miwili. Mkwe alirekebisha miwani, akamuuliza Mama Pindo kwa Kiingereza kama amekaa vizuri. Mama Pindo alitazama nje, akajibu kwa Kiingereza safi, na nukta yake, kwamba ng'ombe wako malishoni. Mkwe akachungulia. Ni kweli, walikuwepo. Akauliza tena, kwa Kiingereza, kijana huyu ni nani. Mama Pindo akasema ni safari ndefu. Mkwe aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kitu kizito.

Ndipo mkaguzi wa tiketi akaingia, kijana mwenye kofia kubwa kuliko kichwa. Alikuwa ameshanyoosha mkono kwa Mwalimu pale mlio wa magurudumu ulipobadilika ukawa mtupu, na dirishani ardhi ikaisha. Chini kulikuwa na maji.

"Miguu," akasema Mama Pindo, kwa sauti ya kawaida tu, akainua ya kwake.

Mwalimu alifumba macho. Aibu ndiyo hiyo imefika, na yeye ndiye aliyeikatia tiketi. Alisubiri kicheko. Kiliposhindwa kuja alifumbua jicho moja. Mkwe alikuwa anavitazama viatu vya Mama Pindo vikining'inia. Akavuta pumzi, akainua na vyake.

"Bila shaka," akasema. "Nilikuwa nasubiri tufike katikati."

Bwana mnene akainua. Waliokuwa nyuma yake wakainua. Mama mmoja akainua na miguu ya mtoto wake aliyelala. Mkaguzi alibaki amesimama katikati ya behewa, anageuza kofia.

"Mnafanya nini?"

"Kijana," mkwe akamuuliza, "kazi umeanza lini?"

"Jumatatu, mama."

"Na hawakukufundisha habari ya daraja?"

Mkaguzi alitazama mbele, akatazama nyuma. Kisha akashika bomba la juu kwa mikono yote miwili na kuinua mguu mmoja. Walivuka hivyo mpaka ardhi ikarudi.

Mkwe alishusha miguu na kufuta miwani. Kiingereza alikiweka kando. "Mkwe," akasema, "kumbe wewe umesafiri sana."

"Kidogo kidogo," akasema Mama Pindo.

Mwalimu alikatiwa tiketi ya kumfikisha stesheni inayofuata. Mkwe aliegemea sanduku lake, na baada ya muda akaanza kukoroma kwa heshima. Hapo Mwalimu akainama mbele na kuyatoa yote kwa mnong'ono, kwamba hajawahi kupanda treni, kwamba honi, daraja na dereva vyote alivitunga yeye.

"Najua," akasema Mama Pindo.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipochora usukani. Nikajiuliza, huyu dereva ataipinda kwenda wapi, na reli imeshawekwa?"

"Na kama mkwe angecheka?"

"Huyu? Alikuja kwa basi. Treni ameianza leo, kama mimi." Mama Pindo alichomoa sindano kifuani, akaiangalia, akairudisha. "Mwalimu, mimi naogopa madaraja toka utoto. Tangu nikate tiketi nilikuwa silali. Ulipotuambia tuinue miguu nikajua ni uongo, lakini usiku ule nililala. Angalau nilikuwa na kazi ya kufanya tukifika pale."

Kisha akaitazama mikono ya Mwalimu, ambayo tangu stesheni haikuwa imeachia kiti.

"Unaogopa?"

"Sana, Mama."

Mama Pindo akasogeza mzigo wake ili kijana apate nafasi. "Dereva kaniambia lipo daraja jingine mbele," akasema. "Refu kuliko lile."

Mwalimu Nukta akainua miguu palepale, na nje bado ni ng'ombe tu, mto hauonekani.